Jicho la Sungura wa Fedha

Mdogo wangu hulamba misumari. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, ili mtu asije akalisikia kwa jirani akadhani tulikuwa tunalificha. Ni misumari ya fedha, midogo, urefu wake haufiki ukucha wa kidole gumba. Siku zile alikuwa akishaulamba msumari anaubana kati ya midomo, kichwa nje, na hapo ndipo ulipokaa na wenzake mpaka zamu yake ya kupigiliwa ifike. Ukimwamkia asubuhi, anaguna. Ukimuuliza kama amekula, anaguna. Mtaa mzima ukamwita Mguno, na hata wateja waliokuja na heshima zao zote waliondoka wakisema, mwambie Mguno nitapita Ijumaa.

Karakana yetu ni ya watu watatu. Mume wangu huchonga vitako vya bunduki, yaani ile sehemu ya mti inayokaa begani. Mimi hupiga msasa na kupaka mafuta, tabaka juu ya tabaka, mpaka mti uanze kuonyesha mistari yake. Mguno hupachika nakshi: maua, ndege, herufi za mwenye mali, vyote vya bati jembamba la fedha, na kuvishikiza kwa misumari aliyoitengeneza mwenyewe. Wateja wetu wengi hawajawahi kuwinda hata panya. Wanataka bunduki ya babu ining'inie sebuleni, wageni waitazame na kuuliza. Sisi hatuna neno. Ukuta nao una haki ya kupambwa.

Tukirudi kwenye kulamba, si uchafu wala wazimu. Vidole vya fundi vimeota sugu, havisikii tena mkwaruzo mdogo. Ulimi hauna sugu. Kichwa cha msumari kikiwa na ukingo mkali usioonekana kwa jicho, ulimi unausikia papo hapo, na msumari unarudi kwenye tupa. Marehemu baba yetu, aliyekuwa na kazi hii kabla yake, alilamba vilevile. Lakini baba alikuwa akishalamba anautoa msumari na kuendelea na soga zake. Kubana misumari mdomoni ilikuwa dawa aliyomtafutia mwanawe.

Mguno ana kigugumizi. Alipokuwa mdogo watoto wenzake walimwiga mpaka akawa hataki kutumwa dukani. Siku moja alirudi analia, na baba hakumpa nasaha wala hakwenda kugombana na wazazi wa mtu. Alimketisha kwenye kigoda, akambanisha misumari mitatu midomoni, akamwambia, "Kaa hivyo. Mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi kitu." Na kweli hakuulizwa. Waliulizwa wengine kwa niaba yake, hasa mimi, dada yake mkubwa, ambaye mdomo haujawahi kunipa taabu. Nilimnunulia nguo, nilipatana na wateja wake, nilimjibia simu. Niliwahi hata kumkatalia kazi nzuri tu kiwandani kabla hajamaliza kuguna.

Basi tuliishi hivyo kwa raha zetu, mpaka fundi saa alipoingia na bunduki imefungwa kwenye shuka.

Tulimfahamu kwa mbali. Alikuwa na kibanda cha vioo kwenye kona ya pili kutoka kwetu, akikaa humo kutwa nzima ameinamia saa za watu, na kile kioo cha kukuzia amekibana jichoni. Akikitoa, kinamwachia alama ya duara kuzunguka jicho, na yeye hana habari, anakwenda zake sokoni hivyohivyo. Alikuwa mwanamke wa umri ule ambao mashangazi wameshachoka kumuuliza ataolewa lini. Si mcheshi, si mkali. Anakuangalia kama saa, anasikiliza kama bado unatembea.

Bunduki ilikuwa ya baba yake. Mzee huyo alikuwa na bustani ya kabeji, na bustani ilikuwa na sungura, na mzee akawa anatoka kila alfajiri kumpiga sungura yule risasi. Kwa jinsi nilivyoelewa, sungura alikufa kwa uzee. Mzee akamheshimu, akamchongesha kwa fedha ubavuni mwa kitako, akiwa katikati ya mbio, masikio yamelala mgongoni. Kazi nzuri sana ya mtu wa zamani. Lakini misumari yake ilipolegea, fundi mmoja, na sijui alikuwa fundi wa nini, akaitoa na kupigilia ya chuma. Chuma kikala kutu, kutu ikautia mti weusi, na mguu wa nyuma wa sungura ukabanduka ukawa unanasa kwenye nguo za kila anayepita.

Mguno alipoona ile misumari ya chuma aliguna mguno ambao sikuwahi kuusikia. Ulikuwa karibu na kilio.

Fundi saa akamuuliza kazi itachukua muda gani. Alimuuliza yeye, si mimi. Nikafungua mdomo kujibu kama kawaida, lakini mwanamke yule hakugeuka hata kidogo. Alikuwa amemtazama Mguno anasubiri, bila haraka, bila ile huruma ya kuinamisha kichwa ambayo watu humpa. Hata mume wangu akaacha kuchonga. Mwisho Mguno akanyanyua kidole kimoja. "Mwezi mmoja," akasema fundi saa. "Asante, fundi." Akaondoka kana kwamba amehutubiwa.

Mguno alibaki na kidole chake hewani. Nikamwambia akishushe, amekwenda.

Sasa lazima nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hutaelewa alivyotuchezea. Msumari wa fedha haununuliwi dukani. Mguno huyeyusha fedha kwenye kikombe cha udongo, huichanganya na shaba kidogo ili isiwe laini mno, kisha huimimina iwe kijiti. Kijiti hicho hukivuta kupitia bamba la chuma lenye matundu, kutoka tundu kubwa hadi dogo, ameegemea nyuma kwa uzito wake wote kama anavuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni, mpaka kiwe uzi mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Hukata kipande, hukishika kwa koleo, na kupuliza moto kwa mrija kwenye ncha moja. Hapo mimi hupenda kusimama na kutazama hata kama nina kazi. Fedha inang'aa, inatetemeka, halafu inajikusanya yenyewe na kuwa tone la duara. Tone hilo ndilo kichwa. Hukitumbukiza kipande kwenye tundu la chuma, tone likabaki juu, na kuligonga kwa mhuri wenye umbo la ua. Hugonga mara moja tu. Akirudia, yanatoka maua mawili yanayogombania kitanda kimoja.

Mwisho huchonga meno madogo kwenye mwili wa msumari kwa tupa, ili ukishaingia kwenye mti usitamani kutoka. Isipokuwa mmoja. Kila kipande cha nakshi kina msumari mmoja usio na meno, laini mwili mzima, na huo huitwa msumari wa mlango. Siku yoyote nakshi ikihitaji kufunguliwa, fundi anaanzia hapo bila kuumiza mti. Na desturi ya karakana yetu tangu enzi za baba ni kwamba fundi haupigilii msumari wa mlango. Anaugonga mwenye bunduki, kwa mkono wake, ili ajue mlango uko wapi. Ukishaingia huo, kazi imekwisha, mteja anachukua mali yake, kwaheri.

Kwa sungura yule msumari wa mlango ulikuwa jicho.

Mwezi ukaisha na sungura hana hata msumari mmoja. Kila fundi saa alipopita kuuliza, Mguno alichukua msumari mpya, akaulamba, akakunja uso, akautupa kwenye kikombe cha kuyeyushia. Huu una ukingo. Huu ua lake limepinda. Huu, sijui, una tabia mbaya. Fundi saa alitikisa kichwa kwa adabu na kusema atapita tena, naye Mguno akamsindikiza mpaka mlangoni. Mtu ambaye hajawahi kunisindikiza hata mimi nikiwa na mizigo.

Mume wangu uzalendo ukamshinda. "Shemeji," akamwambia, "sungura anataka misumari minane. Siyo reli hiyo."

Mimi nilishaelewa tangu alipoanza kuvaa shati safi siku za kazi, lakini nikajitia hamnazo. Nilitaka kuona ataishia wapi. Akaishia kwenye saa.

Ukutani kwetu kulikuwa na saa kubwa iliyokufa tangu baba yuko hai. Fundi saa hakuweza kuivumilia. Siku moja aliomba kigoda, akapanda, akaishusha, na siku iliyofuata akairudisha inatembea. Tukafurahi sana, ingawa mume wangu alilalamika kwamba sasa anajua anachelewa kula. Haikupita wiki saa ikasimama. Fundi saa akaja, akaifungua palepale juu ya benchi langu, akabana kioo chake jichoni, akaingiza kibano kidogo kwenye magurudumu na kutoa kitu. Nilikuwa karibu naye, nikakiona. Kilikuwa kipande cha uzi wa fedha, kimekatwa vizuri kabisa kwa koleo.

Fedha haitembei yenyewe ikapanda ukutani. Nikamtazama Mguno. Alikuwa ameinama chini ya benchi akitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Fundi saa alikifuta kile kipande, akakitia kwenye kijaluba chake cha vipuri, akafunga saa, akaaga.

Huenda wangeendelea hivyo mpaka uzeeni, huyu anaharibu na yule anatengeneza, kama si habari aliyokuja nayo siku ya mvua. Alituambia kwamba duka kubwa la saa katika mji wa mbali limempa nafasi. Ana benchi lake linamsubiri. Kibanda chake ameshapata mtu wa kumwachia. Kinachomweka ni bunduki ya baba yake tu, kwa sababu hawezi kuondoka akamwacha sungura wa mzee hajasimama sawasawa. Akauliza kama tunaweza kumaliza kufikia mwisho wa wiki. Akamuuliza Mguno tena, na Mguno akatikisa kichwa kukubali, uso umemshuka kiasi kwamba hata mume wangu, ambaye haoni kitu kisicho mti, aliona.

Jioni nilimketisha mdogo wangu na kumpa za uso. Nilimwambia kwamba msumari wa mlango ukishaingia kwenye lile jicho, mwanamke yule anachukua bunduki na kwenda zake, na yeye atabaki na mimi na shemeji yake mpaka tuzikane. Kama anamtaka, amwambie. Mguno akaguna. Nikamwambia mguno huo hauna anwani, atoe misumari aseme. Akaitoa, mmoja mmoja, akaipanga mezani, na baada ya kuhangaika sana akanieleza kwamba atasema. Atasema wakati wa kumkabidhi msumari wa mlango, maana hapo mdomo utakuwa mtupu kwa haki.

Nilimwandalia maneno. Yalikuwa mazuri mno, yana ua la moyo wangu na nahodha wa safari yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudisha misumari mdomoni. Hiyo ilikuwa kura yake.

Alifanya kazi wiki ile kama mtu anayejichimbia kaburi kwa vipimo. Misumari saba ilitoka safi, ikalambwa, ikapita. Alitoboa mti kwa kekee ndogo, akapaka nta kwenye meno ya kila msumari, akaweka ngozi juu ya kichwa na kugonga taratibu. Mguu wa nyuma ukalala. Masikio yakalala. Sungura akawa anakimbia kweli, ila mahali pa jicho palikuwa na tundu tu.

Siku ya siku fundi saa alikuja na sanduku lake la safari, akaliacha mlangoni. Lile sanduku lilinikata maini. Mume wangu akaifuta bunduki, akailaza kwenye mto, akampa mwenyewe nyundo ndogo. Mguno alisimama upande wa pili wa benchi, shati limepigwa pasi, jasho jembamba linamtoka, na msumari mmoja tu kati ya midomo.

Kilichobaki kilikuwa autoe na kumpa. Fundi saa akanyoosha kiganja. Kisha, badala ya kusubiri tu, akamuuliza, "Kabla sijagonga, fundi, huna neno?"

Mguno akavuta pumzi ya kusema. Aliivuta kwa nguvu zote alizozikusanya tangu utotoni, na msumari ukaenda nayo.

Tulimwona akimeza. Tuliona kabisa koromeo linapanda na kushuka shingoni. Mume wangu akapiga magoti kuutafuta sakafuni, akidhani umeanguka, na mimi nikapoteza muda kumwinulia vumbi la mbao. Mguno alikuwa amesimama wima, ameshika tumbo, macho yamemtoka.

"Ameumeza," akasema fundi saa. Akaweka nyundo chini, akazunguka benchi, akamshika mkono na kumpeleka hospitali. Alimshika mkono njia nzima, mbele ya watu, na mdogo wangu, pamoja na kufa kwake huko, nilimwona anatembea polepole makusudi.

Kwenye picha ya hospitali msumari ulionekana waziwazi, hata ua la kichwani. Daktari aliitazama kwa muda mrefu. Akauliza ni kitu gani, mume wangu akajibu kwamba ni jicho la sungura. Daktari akauliza ni la nani, mume wangu akasema la mteja, huyu hapa. Nilipoona daktari anaanza kututazama sisi badala ya picha, nikaingilia na kueleza yote. Akataka kujua kama una meno. Mungu ni mwema, ulikuwa msumari wa mlango, laini mwili mzima. Basi, akasema, tuuache ushuke wenyewe, ale vitu laini, na kila kitu kiangaliwe. Aliposema kiangaliwe alinitazama mimi. Sijui kwa nini watu wakiwa na kazi chafu hunitazama mimi.

Nje ya hospitali mume wangu alimwambia fundi saa asichelewe safari kwa sababu ya upuuzi huu, msumari mwingine ungetengenezwa kabla jua halijazama. Mguno hata hakuguna. Alikuwa anatazama ardhi.

"Wangu ni ule," akasema fundi saa. "Nitausubiri."

Akarudisha sanduku kwake. Akapiga simu kwenye lile duka kubwa kuwaambia atachelewa, na walipouliza sababu akawaambia kwamba kuna kitu chake kimekwama njiani.

Siku zile za kusubiri zilikuwa vituko vitupu. Nilikusanya misumari yote ya karakana nikaifungia kabatini, kwa hiyo Mguno alikaa uani mdomo mtupu, hajui aufanyie nini. Alikuwa anaufungua na kuufunga kama mlango mpya. Majirani wakawa wanapita kuuliza kama umefika. Fundi saa alikuja kila alasiri na kazi zake kwenye trei, akaketi karibu naye, akafungua saa za watu na kumweleza. Hii ya mwenye duka la viatu, inakimbia. Hii haina ugonjwa, mwenyewe tu haijazi ufunguo. Mara nyingine Mguno alijaribu neno, likakwama, naye fundi saa akaacha kibano hewani na kungoja. Neno lilipokuja, lilikuja. Lisipokuja, aliendelea na gurudumu lake, hakuonyesha kwamba kuna kilichopotea.

Namna msumari ulivyopatikana sitaieleza. Mume wangu alitaka kueleza, hata ana ishara za mikono, na nimemkataza. Itoshe kwamba ulifika. Ulichemshwa, ukatiwa kwenye maji makali ya kusafishia fedha, ukachemshwa tena, ukang'arishwa mpaka ukawa bora kuliko ulivyokwenda.

Tukakusanyika tena kwenye benchi. Bunduki juu ya mto, nyundo pembeni, sanduku mlangoni, maana lilikuwa limerudi. Mguno akauchukua msumari, akaugeuza kwenye mwanga, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka yote, ukaanza kupanda kuelekea mdomoni.

"Huo usiulambe, fundi," akasema fundi saa.

Mguno akatazama mkono wake. Akaanza kucheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona mdogo wangu akicheka meno yote nje, bila kitu kinachozuia. Mume wangu akacheka mpaka akashika jiliwa la kubania mti asianguke. Kicheko kilipokwisha, fundi saa alikuwa ameuchukua msumari kutoka kwenye vidole vyake na kuusimamisha kwenye tundu la jicho. Akanyanyua nyundo.

"Nikishaugonga huu, kazi imekwisha," akasema.

Nyundo akaiacha hapo juu. Saa ya ukutani ilikuwa inatembea, na nilitamani mtu aisimamishe.

"Us..." akasema Mguno. "Us... usiu..."

Nilishafungua mdomo nimmalizie. Fundi saa, bila kugeuza macho, akaninyooshea kidole. Nikafunga. Mume wangu anasema hajawahi kuona kitu kama hicho, na kwamba angependa kujifunza kile kidole.

"Usiugonge," akasema mdogo wangu.

"Kwa nini?"

Ilimchukua muda. Alikwama kwenye neno moja mpaka mishipa ikamsimama shingoni, akaliacha, akalizunguka, akalirudia. Hakuna aliyemsaidia, na ilikuwa ngumu kwangu kuliko kubeba gunia. Lakini aliyasema yote, na nayaandika hapa yakiwa yamenyooka kwa sababu mwishoni yalifika yakiwa yamenyooka. "Ukiugonga utaondoka. Mimi sitaki uondoke. Misumari yote ile niliyoitupa ilikuwa mizuri." Akapumzika. "Na ile saa..."

"Ya saa naijua," akasema fundi saa. Akashusha nyundo, akatoa kijaluba chake, akakifungua juu ya benchi. Katikati ya vipuri, kwenye kitundu chake peke yake, kilikuwemo kile kipande cha uzi wa fedha. "Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

Kisha akachukua kibano, akautoa msumari kwenye jicho la sungura, akaulaza kando ya kile kipande na kufunga kifuniko. "Huu nitautunza mimi," akamwambia. "Kwako hauna usalama."

Nililia, sikatai. Nililia huku naligombeza vumbi la mbao.

Bunduki ile haijachukuliwa mpaka leo. Mwenyewe ndiye aliyehamia ilipo, na lile duka kubwa la mji wa mbali nadhani bado linaamini kuna kitu kimekwama njiani. Wifi yangu ana benchi lake dirishani, kando ya la mume wake. Mguno bado hulamba misumari, kazi ni kazi, lakini akishaulamba anauweka kwenye kifuniko cha saa kuukuu alichotafutiwa, na jina lake limebaki lilelile ingawa halimfai tena.

Sungura anakimbia ukutani, juu ya saa, akiwa na tundu mahali pa jicho. Kila mgeni huliona. Kila mgeni huuliza fundi gani amefanya kazi nzuri hivyo akasahau jicho, na zamani ningejibu mimi, tena kwa ufasaha. Sasa Mguno huvuta kigoda na kusimulia mwenyewe, kuanzia kabeji. Ni hadithi ndefu, na kwa mdomo wake ni ndefu mara tatu. Anakwama kwenye sungura, anakwama kwenye msumari, na kwenye kumeza anakwama mpaka mgeni anaanza kumeza yeye. Wifi yangu anaacha kibano hewani. Mume wangu anaacha patasi. Mimi naweka kikombe mdomoni nisije nikaropoka, na chai inapoa humohumo.

Hatumalizii mtu hapa.